UZI: Arthur Machen wa uzeeni, pale hofu ilipogeuka kuwa kicho

ZamuYaUsiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila tukizungumza humu kuhusu hadithi za ghaibu za Waingereza wa zamani, Arthur Machen hutajwa kwa kitabu kimoja, The Great God Pan cha mwaka 1894, kisha mazungumzo yanahamia kwa wengine. Ungedhani mzee huyu alikufa karne ya kumi na tisa ilipoisha. Hakufa. Aliishi hadi tarehe 15 Desemba 1947, akiwa na miaka 84, na mwaka 1936 peke yake alitoa vitabu viwili vya hadithi fupi, umri ukiwa miaka 73. Nimesoma vya ujanani, nimesoma na vya uzeeni, na ninavyovirudia ni hivi vya uzeeni. Naomba niwaeleze kwa nini.

Neno langu ni hili: Machen kijana aliandika hofu, Machen mzee aliandika kicho. Wazee wetu waliyatenga maneno hayo. Hofu inakupata ukimkuta nyoka chumbani. Kicho kinakupata ukiingia mahali ukahisi kuna mkubwa kuliko wewe, ukavua viatu kabla hujaambiwa. Amchaye Mungu hamwogopi kama anavyomwogopa mwizi. Katika hadithi zake za miaka ya 1890 ghaibu ni kitu kilichofungiwa, na anayekifungulia anaharibika mwili na akili. Katika hizi za baadaye ghaibu inakuja yenyewe, inapita mtaani mchana, na wanaoiona ni mama wa nyumbani, mvuvi, askari, mkulima aliyekuja mjini kutembea.

Maisha yake nitayapitia haraka. Alizaliwa tarehe 3 Machi 1863 huko Caerleon, kusini-mashariki mwa Wales, mji uliokuwa ngome ya jeshi la Kirumi na ambao hadithi za kale zinauhusisha na Mfalme Arthur. Baba yake alikuwa kasisi wa kanisa dogo la vijijini. Kijana akaenda London, akaishi kwa shida, akafanya kazi za kutafsiri. Mke wake wa kwanza alifariki kwa saratani mwaka 1899, na kalamu ikamshinda. Mwaka 1901 akajiunga na kundi la waigizaji wa jukwaani. Akaoa tena mwaka 1903. Mwaka 1910, akiwa na miaka 47, akaingia kazi ya uandishi wa habari katika gazeti la Evening News la London.

Kazi hiyo hakuipenda, na wengi wanaoandika juu yake huihesabu kuwa miaka iliyopotea. Hapo ndipo ninapoachana nao. Mimi kazi yangu ni kusahihisha kurasa za gazeti usiku, na naona wazi kabisa kwamba gazeti ndilo lililompa sauti yake ya pili. Mtu aliyezoea kuandika kwa lugha ya mapambo, yenye uvumba na vivuli, alilazimika kuandika "jana saa tisa alasiri, mtaa fulani, mashuhuda wanasema". Siku alipoichukua sauti hiyo akaitwika muujiza, kikatokea kitu kipya.

Naendelea chini, msichoke.

ZamuYaUsiku

Tuanze na vita. Tarehe 23 Agosti 1914 jeshi dogo la Waingereza lilikutana na Wajerumani huko Mons, Ubelgiji, likalazimika kurudi nyuma. Habari zilizofika London zilivunja watu moyo. Tarehe 29 Septemba, Evening News ikachapisha kipande kifupi cha Machen kiitwacho The Bowmen, yaani Wapiga Mishale.

Hadithi yenyewe unaimaliza kabla chai haijapoa. Kikosi kiko ndani ya handaki, nusu yake wameshakufa, Wajerumani wanakuja kwa maelfu. Askari mmoja anakumbuka mkahawa wa London usiouza nyama, ambako aliwahi kula dengu na karanga zilizofinyangwa zifanane na nyama. Sahani za mkahawa ule zilichorwa picha ya Mtakatifu George kwa rangi ya buluu, na maneno ya Kilatini ya kumwomba awasaidie Waingereza. Askari anayatamka maneno yale, huku akiendelea kufyatua bunduki. Mara anasikia kelele kubwa ya watu wengi wakiita, na mbele ya handaki anaona safu ndefu ya maumbo yanayong'aa. Mishale inajaa hewani hata kunakuwa giza. Maadui wanaanguka, na miili yao haina jeraha hata moja.

Itazameni ile sahani. Mwandishi wa kawaida angempa askari wake rozari, au barua ya mama. Machen alimpa sahani ya mkahawa na chakula kisichokuwa na ladha. Muujiza umepita mlango wa jikoni. Kwa sababu hiyo watu waliuamini.

Maana waliuamini kweli. Kipande hakikuandikwa juu yake kwamba ni cha kubuni, na kimesimuliwa kana kwamba mtu ametoka nacho vitani. Majarida ya makanisa yakaomba ruhusa ya kukichapisha tena. Kasisi mmoja akamwandikia Machen amwongezee dibaji fupi yenye ushahidi. Machen akajibu kwamba hakuna ushahidi, kila kitu kimetoka kichwani mwake. Kasisi akarudisha jibu kwamba Machen ndiye aliyekosea: mambo yale lazima yalitokea, yeye ameyapamba tu. Kufikia mwaka 1915 wapiga mishale walikuwa wameshageuka malaika, na "Malaika wa Mons" wakawa kwenye mahubiri na kwenye vitabu. Agosti mwaka huo Machen alikitoa kisa hicho kama kitabu, na katika utangulizi akaeleza chote kilivyotokea. Aliandika kwa uchungu kwamba kama alishindwa katika sanaa ya uandishi, basi amefaulu bila kujua katika sanaa ya udanganyifu.

Mimi sioni udanganyifu. Naona mtu aliyegundua kwamba sauti ya gazeti ikibeba jambo la ghaibu, msomaji hana pa kujificha.

Mtumbatu_Bara

Mkuu, nimekaa chini kusoma. Ila hapo kwa Malaika wa Mons umenigusa mahali pengine.

Shuleni tulifundishwa vita vya Maji Maji, 1905, Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe, na ile dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Mwalimu wetu alilisoma somo lile kwa namna ambayo darasa zima liliona aibu, kana kwamba babu zetu pekee ndio waliowahi kuamini kitu kama hicho wakiwa wamezidiwa nguvu. Kumbe miaka tisa baadaye, kwenye nchi yenye viwanda na magazeti ya kila jioni, watu wazima na makasisi wao wanaapa kwamba malaika wamewapiga Wajerumani. Laiti ningeijua habari hii nikiwa kidato cha pili. Ningenyoosha mkono.

ZamuYaUsiku

Mkuu Mtumbatu, asante sana kwa hili. Tofauti ninayoiona ni nani aliyelipa. Maji Maji waliolipa ni waliokuwa na imani, wakalipa kwa roho zao na kwa njaa iliyofuata. Kule London waliolipa hawapo, maana maneno yale yalikuja baada ya mapigano kwisha. Lakini haja ya moyo ni ile ile, na Machen aliijua. Hakuwacheka walioamini hadithi yake. Alikasirika, ila dharau sikuiona katika maandishi yake.

Bi Kitabu

Mwanangu ZamuYaUsiku, mimi nakupinga kidogo.

Nimemsoma Machen tangu nikiwa chuo, enzi za vitabu vya kuazimana vilivyokatika majalada. The White People, iliyotoka mwaka 1904, ile daftari ya msichana anayefundishwa mambo na yaya wake, kwangu ndiyo kilele chake. Hakuna aliyeandika kitu cha kuogofya kwa upole ule. Hivi vya vita nimevisoma vichache na niliona ni kazi ya mtu anayekimbizana na saa ya kwenda mitamboni. Lugha imepauka. Nieleze, ni wapi hasa unakiona hicho kicho? Nionyeshe mahali.

ZamuYaUsiku

Shikamoo Bi Kitabu. The White People siigusi, ni hadithi kubwa. Naomba nikujibu kwa The Great Return, ya mwaka 1915.

Inaanza kwa msimulizi, mwandishi wa habari, akisema kwamba mambo ya ajabu hupotea na kusahauliwa katika pembe za giza za magazeti. Yaani zile aya tatu nne za chini ya ukurasa, zinazowekwa kuziba nafasi. Unasoma jambo la kushangaza, kesho yake hakuna mwendelezo, na hakuna anayeuliza.

Niliposoma mistari ile ilinibidi niweke kitabu chini. Miaka kadhaa nyuma, mwandishi wetu wa mkoani alileta habari ya sentensi nne: wavuvi wa kijiji kimoja wanasema kwa usiku tatu mfululizo wamesikia ngoma ikipigwa baharini, mbali na nchi kavu, na mitumbwi haikutoka. Ukurasa ulikuwa umejaa, lilikuja tangazo la dakika ya mwisho, na mimi ndiye niliyeitoa ile habari. Sikumpigia hata simu kumuuliza. Leo sikumbuki jina la kijiji. Machen aliandika kitabu kizima kuhusu mtu ambaye hakuitoa, akapanda treni akaenda kuangalia.

Mji anaokwenda uko pwani ya Wales. Anakuta watu wametulia kwa namna asiyoielewa. Anawauliza, na kila mmoja anampa kipande kidogo. Mama aliyekuwa kiziwi miaka mingi amesikia kengele. Wakulima wawili waliochukiana wamepatana. Usiku watu wameona baharini mwanga mwekundu kama waridi la moto. Kanisani kuna harufu nzuri ambayo haikuchomwa na mtu. Binti aliyekuwa kitandani anakufa kwa kifua kikuu ameinuka. Taratibu msomaji anaelewa: Kikombe Kitakatifu, kile kinachosemwa Yesu alikinywea kwenye karamu ya mwisho, cha hadithi za kale za Wales na za Mfalme Arthur, kimerudi kwa siku chache katikati ya vita ya dunia.

Sasa mahali pa kukuonyesha, Bi, ni namna anavyoacha. Kikombe chenyewe hakichunguzwi. Msimulizi hakukiona, amefika kikiwa kimeshaondoka. Anachokiona ni watu waliokiona, na zile nyuso zao. Hakuna kiumbe kinachoyeyuka sakafuni kama katika vitabu vya ujanani. Kuna mtaa wenye watu waliosameheana, na msimulizi anayetembea kimya kwa sababu hataki kuwasumbua. Lugha kupauka ulikokuona, mimi nakuita adabu. Mtu hapambi maneno akiwa mbele ya kitu kama hicho.

Bi Kitabu

Marahaba mwanangu. Hapo pa "adabu" umenishika. The Great Return sijaisoma, nilikomea kwa wapiga mishale. Nitaitafuta.

Raskazone

Mwanzisha uzi, unaikwepa The Terror? Hiyo ndiyo ninayoijua mimi. Na nina sababu, natokea Tanga.

Novemba 1914 Waingereza walileta meli zenye askari kama elfu nane, wengi wao Wahindi, kuuteka mji wetu. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama elfu moja tu. Katikati ya mapigano mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini ikavurugwa na risasi, nyuki wakatoka kwa hasira wakauma kila aliyekuwepo, wa huku na wa kule. Waingereza walishindwa wakarudi melini. Kisha magazeti kwao yakaandika kwamba Wajerumani ndio waliowategesha nyuki wale kwa kamba, kama mtego. Hata leo vita ile inaitwa Vita vya Nyuki. Babu mzaa mama alikuwa akituonyesha upande wa minazi na kusema "nyuki hawana serikali".

Nilipokuja kusoma The Terror, nilikaa kitako. Mtu ameandika kitabu kuhusu wanyama walioinuka dhidi ya binadamu vita ikiendelea, na watu wakamtafuta Mjerumani aliyewatuma!

ZamuYaUsiku

Raskazone, ndugu yangu, siikwepi, nilikuwa naiendea. Sidai kwamba Machen aliichukua Tanga akaiweka Wales. Lakini umeona kiini chake.

Kwa wasioijua (na tahadhari, natoboa siri ya mwisho): ilitoka kwa mfululizo gazetini mwaka 1916, ikawa kitabu mwaka 1917. Magharibi mwa Wales watu wanaanza kufa vifo visivyoelezeka. Wengine wameanguka korongoni, wengine wamekanyagwa barabarani, mtoto amekutwa hana pumzi. Rubani ameanguka na ndege yake. Serikali inakataza magazeti kuandika, kwa hiyo kila kijiji kinajua vifo vyake tu. Kila mtu ana nadharia: Wajerumani wamejificha chini ya ardhi, Wajerumani wana miali mipya. Jibu ni kwamba waliofanya hivyo ni kondoo, farasi, ng'ombe, njiwa waliojitupa kwenye ndege, na nondo walioziba pumzi ya watu kama wingu.

Kuna shamba moja katika kitabu hicho ambalo silisahau. Familia imefungiwa ndani siku nyingi, haithubutu kutoka, na wamekufa kwa kiu. Kisima kiko uani. Wakitazama dirishani wanakiona.

Na sababu anayoitoa ni ya mtoto wa kasisi hasa: wanyama walimtii binadamu kwa sababu alikuwa na ufalme wa kiroho, na binadamu ameuvua ufalme huo mwenyewe, akajishusha kuwa mnyama kama wao. Wao wamelihisi hilo. Waliinuka mara moja, na sentensi ya mwisho inasema wanaweza kuinuka tena. "Nyuki hawana serikali" ya babu yako, Machen angeiweka kwenye ukurasa wa kwanza.

Kijana_wa_Kigamboni

Mkuu samahani, nimesikia huyu jamaa alikuwa kwenye chama cha siri cha mambo ya uchawi. Ni kweli?

ZamuYaUsiku

Ni kweli aliingia Golden Dawn mwaka 1899, akiwa ametoka kumzika mkewe. Huko walikuwepo watu wengi wenye majina, mshairi Yeats mmojawapo. Machen hakupata humo alichokuwa anakitafuta. Alibaki Mkristo wa Kianglikana, wa upande unaopenda ibada za kale, na alipenda sana habari za kanisa la zamani la Wales na watakatifu wake. Ukimsoma ukitafuta siri za chama, utakosa. Ukimsoma ukijua kwamba alikulia nyumba ya kasisi na kutazama vile vilima kila asubuhi, mengi yatafunguka.

Mwana wa Konde

Naomba niongeze moja ambayo haijatajwa: The Happy Children, ya mwaka 1920. Msimulizi ni mwandishi wa habari tena, ametumwa pwani ya kaskazini-mashariki ya Uingereza wakati wa vita. Usiku, mjini, anaona watoto wanacheza na kuimba barabarani, wamevaa nguo nyeupe. Anashangaa wazazi gani wanaacha watoto nje saa zile. Wakikaribia anaona mmoja ana jeraha, mwingine ana mwani umemng'ang'ania mwilini. Wanapanda kilimani kwenye magofu ya abasia. Ni watoto waliouawa na vita, na waliozama na ile meli Lusitania mwaka 1915. Na wana furaha.

Mimi ni mtu wa Pemba. Septemba 2011 nilikuwa Wete, MV Spice Islander ilipozama usiku ikija kwetu. Sitaandika zaidi. Nilipofika kwenye neno mwani nilifunga simu, nikatoka nje nikakaa barazani mpaka adhana ya alfajiri. Hadithi nilimaliza baada ya wiki. Namshukuru aliyeiandika kwa kuwa hakuwaacha watoto wale majini.

ZamuYaUsiku

Mwana wa Konde, pole sana kaka. Mungu awarehemu wote.

Nilikuwa nimeiandaa hadithi hiyo kwa ajili ya uzi huu, na sasa sina la kuongeza juu ya ulichokisema.

ZamuYaUsiku

Nimalizie na miaka ya 1930, ambayo ndiyo inayosomwa kidogo kuliko yote.

Evening News waliachana naye mwaka 1921. Miaka ya 1920 Wamarekani walimgundua upya, vitabu vyake vya zamani vikachapwa tena, lakini pesa haikukaa. Mwaka 1929 alihamia Amersham, mji mdogo nje ya London, yeye na mkewe Purefoy. Mwaka 1943, alipofikisha miaka 80, waandishi wenzake waliandika ombi la kumchangia, T. S. Eliot na Bernard Shaw walikuwa miongoni mwa waliotia saini. Kwa hiyo hadithi hizi za mwisho ni za mzee asiye na kitu, anayeandika kwa sababu kodi inadaiwa.

Riwaya yake ya mwisho, The Green Round ya mwaka 1933, sitaisifia kuliko inavyostahili. Imelegea, inazungukazunguka. Lakini ina wazo moja ambalo msomaji wa pwani atalitambua mara moja. Msomi mpweke anakwenda kupumzika ufukweni Wales, anakaa kwenye bonde dogo la majani la mviringo. Tangu hapo watu wengine wanaona anaongozana na mtu mfupi mwenye sura mbaya. Yeye haoni mtu. Wageni wa hoteli wanalalamika kuhusu mwenzake, naye haelewi wanamsema nani. Kwetu tungesema amefuatwa, na bibi angejua aulize nini kwanza: ulikaa wapi?

The Children of the Pool, mkusanyiko wa mwaka 1936, una hadithi sita, na ndani yake The Tree of Life, habari ya kijana mgonjwa anayesimamia shamba la ukoo akiwa kitandani, akiuliza kila siku wamepanda nini na wapi. Hiyo sitaitoboa. Isomeni mkiwa peke yenu.

Lakini kama una jioni moja tu, soma N. Ndiyo, jina ni herufi moja. Imo katika kitabu kingine cha mwaka huo huo, The Cosy Room. Wazee watatu wamekaa chumbani London, pembeni ya moto, wanakumbushana mitaa ya zamani: duka lile lilikuwa wapi, baa ile iliuza nini. Kurasa kadhaa ni hivyo tu, na msomaji mwenye haraka ataacha. Asiache. Mmoja anataja ndugu yake wa mashambani aliyekuja kutembea akapotea Stoke Newington, kaskazini mwa jiji, mtaa wa kawaida wa nyumba za matofali. Akasema ameiona huko bustani ambayo hajawahi kuona mfano wake, maua, miti, chemchemi. Hakuna bustani kama hiyo Stoke Newington. Mwingine, Arnold, anaanza kuulizia. Anakuta kitabu cha zamani cha kasisi mmoja kinachosimulia jambo lile lile. Anakwenda mwenyewe, anakaa kwenye baa, anawasikiliza wazee wa pale, nao wana kisa chao.

Mwisho Arnold anawarudia wenzake na kusema kwamba pengine dunia hii na nyingine zimeingiliana kama maji na maziwa. Huenda, anasema, hata sisi watatu sasa hivi tumeketi katikati ya majabali makiwa, kando ya vijito vichungu. Na tukiwa na wenzi gani?

Hapo hadithi inakatika. Kurasa zote zile ulikuwa unatafuta bustani, umejisahau kwamba mlango unaofunguka kwenye bustani unaweza kufunguka na kwingine.

Vya vita vinapatikana bure, maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg wana The Bowmen na The Terror. Uingereza hakimiliki ya kazi zake iliisha mwaka 2017 ulipokwisha, miaka 70 baada ya kifo chake.

Bi Kitabu

Nimerudi. Nimesoma N jana baada ya isha, nikarudia kurasa mbili za mwisho.

Nina swali. Nimehesabu wanaoiona ile bustani: mgeni wa mashambani, kasisi wa kitabuni, na yule wa kwenye kisa cha baa. Arnold ndiye aliyeitafuta kwa juhudi kuliko wote, na hakuiona. Mbona Machen alimnyima?

ZamuYaUsiku

Bi, nimelala nalo swali hilo. Nadhani ni kama yule mwandishi wa The Great Return, aliyefika kikombe kimeshaondoka. Wanaoona ni waliokuwa wakipita na shughuli zao. Anayefuata nyuma na daftari hupewa maneno ya mashahidi tu, na hayo akiyatunza vizuri yanamtosha kuandika. Machen aliishi hivyo miaka kumi na moja gazetini.

Bi Kitabu

Basi The Great Return nimeshaipata, mjukuu amenishushia kwenye simu na kuikuza herufi. Naianza kesho asubuhi, nikishamaliza kumwagilia mchicha.

Na wewe mwanangu, yule mwandishi wenu wa mkoani yupo bado? Mpigie umuulize jina la kijiji.

ZamuYaUsiku

Yupo, Bi. Amestaafu, lakini namba yake ninayo. Nampigia leo kabla ya zamu.